Kesi ya fidia ukijeruhiwa Uganda: kuanzia polisi hadi kulipwa (ukilipwa)

KaraniWaKampala (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Mimi si wakili. Ni karani kwenye ofisi ya mawakili hapa Kampala: nabeba mafaili, napeleka samansi, nakaa koridoni hadi kesi yetu iitwe. Kwa kuwa nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, mteja akitoka Arua, Busia au upande wa Mpondwe huletwa mezani kwangu kwanza, na maswali huwa yale yale. Nayajibu hapa kwa pamoja. Nitazungumzia zaidi ajali za barabarani kwa sababu ndizo nyingi.

Karibu kila mtu huanza na "nitapata ngapi?" Ungeanza na "atalipa nani?" Nimeona majalada safi, kosa liko wazi, mashahidi wapo, hukumu imetoka, halafu aliyeshtakiwa ni kijana wa boda anayeishi chumba cha kupanga na hata pikipiki si yake. Hapo umeshinda karatasi.

Wengi hudhani bima italipa kila kitu kwa sababu gari lina stika. Sikilizeni vizuri. Sheria ya bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu, ni ya mwaka 1989. Kiwango ilichoweka ni shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, na milioni 10 kwa ajali nzima. Teksi yenye abiria 14 ikipinduka wote wakaumia, hata hiyo milioni moja moja haiwatoshi. Mwaka 1989 pesa hiyo ilikuwa kitu. Leo mguu ukiwekwa vyuma, milioni inaisha kabla hujatoka wodini. Ichukue, ni haki yako, na kampuni ikikuzungusha ipo ofisi ya malalamiko kwenye mamlaka ya bima. Lakini usipange maisha juu yake. Kama mwenye gari alikata bima kubwa zaidi, hiyo ni habari njema, na ni wakili wako atakayeulizia.

Kinachobaki ni dereva, mwenye gari, na mwajiri wa dereva. Kwa sheria, dereva akikosea akiwa kazini, aliyemtuma naye anajibu. Ndiyo maana tunawashtaki wote pamoja. Tatizo la Uganda ni kadi ya gari. Mtu ameuza gari miaka sita iliyopita, aliyenunua ameliuza tena, na rejista bado ina jina la yule wa kwanza, ambaye siku hizi yuko Dubai. Pikipiki za mkopo nazo, kadi inakaa kwa kampuni ya mkopo hadi deni liishe. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, tafuta rejista ya gari inasema nini, kisha uliza stejini au gereji nani hukusanya hesabu ya kila siku. Majina hayo mawili mara nyingi hayafanani, na yote mawili yana kazi kwenye kesi.

Nitaendelea chini, simu inaisha chaji.

---

KaraniWaKampala

Naendelea. Karatasi.

Kesi ya fidia hujengwa wiki ya kwanza, wakati wewe uko kitandani na hata hutaki kusikia neno mahakama. Mtume ndugu. Aende polisi achukue namba ya ajali kwenye rejista ya trafiki, jina la afande aliyechora ramani ya eneo, na aulize kama gari limekaguliwa na mkaguzi wa magari. Ripoti ya mkaguzi ndiyo itasema breki zilikuwa nzima au la. Gari likishaachiwa na kurudi barabarani, hiyo nafasi imekwenda. Achukue pia fomu ya polisi ya uchunguzi wa majeruhi, PF3, ijazwe na daktari. Afande akiomba "pesa ya mafuta" ya kwenda kupima eneo, mtajua wenyewe, mimi nasema tu kwamba fomu yenyewe haiuzwi.

Sasa risiti. Fidia ziko za aina mbili. Ipo ya jumla, ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyoharibika. Hiyo jaji huikadiria mwenyewe akiangalia kesi zilizotangulia. Ipo fidia maalumu, yaani pesa uliyotoa mfukoni: dawa, picha za eksirei, magongo, usafiri, mshahara uliopotea. Hii ya pili lazima uitaje shilingi kwa shilingi kwenye madai na uithibitishe. Mahakama haikisii.

Niliwahi kukaa nyuma ya mama mmoja akihojiwa na wakili wa upande wa pili. Alikuwa na bahasha nene.

"Hii risiti ya dawa imeandikwa jina la nani?"
"Imeandikwa kash."
"Kash ni wewe?"
"Nilinunua mimi."
"Hii nyingine mbona haina tarehe?"

Akaendelea hivyo, risiti moja baada ya nyingine, na nusu ya bahasha ikaanguka. Mama hakusema uongo hata kidogo. Kwa hiyo ukinunua dawa mwambie muuzaji aandike jina la mgonjwa, tarehe na kitu ulichonunua. Zile risiti za mashine zinazofifia, zitoe nakala siku hiyo hiyo. Usafiri wa boda hauna risiti, basi andika kwenye daftari tarehe, ulitoka wapi, ulikwenda wapi, ulilipa ngapi. Daftari si risiti, lakini lina uzito kuliko kumbukumbu ya miaka mitatu.

Ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu ni ya muhimu sana, na jueni kwamba mara nyingi daktari huyo atahitajika kuja mwenyewe mahakamani kuieleza. Chagueni daktari anayepatikana. Daktari bingwa aliyekwishahamia Botswana hatawasaidia.

---

Mama_Zai_Arua

Asante karani. Mdogo wangu aligongwa na gari la kubeba mchanga, paja limevunjika. Mwenye gari amekuja hospitali na watu wazima wawili, ameleta laki tano na karatasi tusaini kwamba tumesamehe. Afande naye anatushauri tumalizane tu, ati kortini tutazeeka. Tufanyeje?

---

KaraniWaKampala

Pole sana dada, na mdogo wako apone. Soma hiyo karatasi kabla ya kushika kalamu. Ikiwa ina maneno kwamba pesa hiyo ni malipo kamili na ya mwisho na kwamba hamtadai tena, mkisaini mtakuwa mmeuza kesi kwa laki tano, na paja lenyewe bado hamjui kama litaunga. Mwenye gari akitaka kusaidia matibabu, apokewe kwa heshima, maana hata wazee waliokuja naye wanastahili heshima. Lakini andikeni wenyewe: "Tumepokea shilingi 500,000 kusaidia matibabu, madai mengine yanabaki." Asaini, msaini, na mashahidi wasaini. Akikataa maneno hayo, mmejua alikuwa anatafuta nini.

Afande hana mamlaka ya kufuta madai yenu ya fidia. Anaweza kupatanisha, basi. Na mtofautishe kesi ya trafiki na kesi yenu. Ile ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva, na faini akilipa inakwenda serikalini. Hakimu akimtia hatiani ana uwezo wa kuagiza alipe fidia kidogo kwa majeruhi hapo hapo, kwa hiyo mwambieni mwendesha mashtaka aombe. Wengi hawaombi kwa sababu hakuna aliyewakumbusha.

---

MkaliWaBwaise

Karani anawapa watu moyo bure. Mimi niligongwa na teksi Northern Bypass, nikachukua milioni nne kwa mwenye teksi tukamaliza, nikafungua biashara ya chapati. Mwenzangu tuliyelazwa pamoja alikwenda kortini, mpaka leo anapigwa kalenda. Korti ni ya wenye pesa.

---

KaraniWaKampala

Mkali, sikupingi sana. Kama majeraha yako yalipona na milioni nne ilifunika gharama, ulifanya hesabu nzuri. Kumaliza nje si dhambi, na hata mahakama yenyewe inakulazimisha ujaribu. Kosa ni kumaliza kabla daktari hajasema jeraha litaishia wapi. Mtu aliyevunjika mkono na mtu aliyeumia uti wa mgongo hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Kuhusu kalenda, ni kweli. Ukifungua kesi, tarajia miaka, usitarajie miezi. Jaji amehamishwa, jaji yuko kwenye semina, wakili wa upande wa pili anaumwa (wakili wa upande wa pili huumwa sana), mfumo wa kielektroniki wa mahakama umegoma, au ni likizo ya mahakama ya Julai na Agosti. Unatoka Mukono alfajiri, umelipa nauli na umevaa suti, na saa nne unaambiwa tarehe nyingine. Anayeingia bila kujua hilo huchoka kwenye tarehe ya tatu, na upande wa pili unangoja hapo.

---

SimbaWaStage

Hatua zenyewe ziko vipi? Na wakili anachukua asilimia ngapi?

---

KaraniWaKampala

Hatua kwanza. Wakili anaandika barua ya kumwarifu mhusika kwamba utashtaki, anampa muda wa kujibu. Akikaa kimya, tunafungua madai. Mahakama inategemea kiasi: hakimu wa daraja la kwanza hadi milioni 20, hakimu mkuu hadi milioni 50, zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Msikimbilie Mahakama Kuu kwa sifa. Mahakama ya hakimu mkuu wa wilaya yenu mara nyingi iko karibu na ina foleni fupi.

Samansi ikitoka lazima imfikie mdaiwa ndani ya siku 21, naye ana siku 15 za kuleta utetezi. Hapa ndipo mimi huonekana nikizunguka gereji za Kisenyi nikimtafuta mtu ambaye kila jirani anasema hamjui. Asipoleta utetezi, usipige vigelegele. Bado utasimama kizimbani uthibitishe umeumia kiasi gani na umetumia kiasi gani.

Akileta utetezi, kesi inapelekwa kwenye upatanishi. Kanuni za 2013 zinataka upatanishi uishe ndani ya siku 60. Watu huuona kama usumbufu, mimi nauona ndio mahali pa kupata pesa mapema zaidi. Mnayosema mle ndani hayatumiki dhidi yenu baadaye, kwa hiyo hakuna hasara kuongea wazi. Njoo na namba: nimetumia hiki, daktari anasema nitahitaji upasuaji mwingine wa kutoa vyuma, kazi yangu ya kubeba mizigo Kikuubo sitaiweza tena, nilikuwa naingiza hiki kwa wiki. Ukija na machozi peke yake utarudi nayo.

Upatanishi ukishindikana, kesi inakwenda mbele: maelekezo, maelezo ya mashahidi kwa maandishi, kuhojiwa, hoja za mwisho, hukumu. Tangu kanuni zibadilishwe 2019, mdai ana siku 28 baada ya nyaraka za mwisho za kujibizana kuomba samansi ya maelekezo (wito wa kupanga kesi itaendeshwaje), na asipoomba kesi inakufa yenyewe. Muulize wakili wako kama ameiomba. Muulize tu, hatakula mtu.

Sasa asilimia. Kanuni za maadili ya mawakili Uganda zinakataza wakili kukubaliana na mteja wagawane kitakachopatikana, iwe kama ada yake au kwa sababu yeye ndiye anagharamia kesi. Zile sinema za Marekani za "hulipi mpaka tushinde" huku hazina nafasi. Najua wapo wanaofanya kwa mdomo. Shida ya makubaliano ya mdomo ni kwamba siku pesa ikifika, theluthi inageuka nusu na huna pa kuonyesha. Taka mkataba wa ada ulioandikwa, unaosema unalipa nini kila hatua, na risiti. Na fidia ikilipwa kupitia ofisi ya wakili, taka uone karatasi ya malipo yenyewe.

Kuna vijana wanazunguka wodini na kadi za mawakili, wanasema wametumwa na loya mkubwa. Wakili haruhusiwi kuwinda wateja hivyo. Ukipata jina la wakili, hakikisha kwa Law Council, baraza linalosimamia mawakili, kama ana leseni ya mwaka huu. Usiyekuwa na uwezo, kuna Justice Centres Uganda, kuna mradi wa msaada wa Uganda Law Society, na kuna kliniki ya sheria ya Law Development Centre. Wanaangalia kipato chako na uzito wa kesi. Foleni ipo, lakini ni watu wa kweli.

---

DerevaMalaba

Mzee karani, mimi niko kwenye malori. Je, Muganda akigongwa na trela ya Kenya au Rwanda, na dereva akavuka mpaka kesho yake?

---

KaraniWaKampala

Wewe unajua jibu kuliko mimi, maana unaibeba kila siku kwenye kabati la gari: Yellow Card ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Hiyo kadi inafanya bima ya gari la nje ijibu madai ya mtu wa tatu kwa sheria ya nchi ilipotokea ajali. Kwa hiyo majeruhi, au ndugu yake, apige picha ya kadi hiyo na ya namba zote mbili, ya kichwa cha lori na ya trela, kabla gari halijaachiwa. Namba za kichwa na za trela hutofautiana, na mara nyingine wenyewe ni watu wawili tofauti. Kumbuka tu kwamba "kwa sheria ya nchi ilipotokea" inaleta tena ile milioni 1. Kwa zaidi ya hapo unaishtaki kampuni ya usafirishaji, na kampuni kubwa mara nyingi zina ofisi au wakala hapa Kampala. Kwa kweli ni afadhali kugongwa na lori la kampuni kuliko la mtu binafsi, kama afadhali ipo.

---

Bahati_Nakivale

Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu. Kiingereza sina, Kifaransa na Kiswahili ndiyo. Niligongwa na pikipiki Mbarara. Nina haki ya kushtaki? Na nitaongeaje kortini?

---

KaraniWaKampala

Karibu ndugu Bahati. Haki unayo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa njia huru ya kwenda mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Kitambulisho chako cha mkimbizi kinatosha kufungua madai.

Lugha ni jambo ambalo wadau wengi wa hapa tunalidharau, na limetuumiza. Kiswahili kimo kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini kesi inaendeshwa na kuandikwa kwa Kiingereza. Utaongea Kiswahili, na mkalimani atatafsiri. Mwambie wakili aiombe mahakama mkalimani mapema, na sema wazi unataka wa Kiswahili. Nimeona mtu kutoka Bunia akiletewa mkalimani wa Runyankore kwa sababu kesi iko Mbarara.

Hatari kubwa iko kwenye maandishi. Maelezo yako ya ushahidi yataandikwa kwa Kiingereza na karani kama mimi. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, na kwa sheria hiyo, mtu asiyeelewa lugha iliyoandikiwa hati anahesabiwa hajui kusoma kwa ajili ya hati hiyo. Digrii yako ya Bukavu haibadilishi. Aliyekuandikia lazima aweke jina lake kamili na anwani yake, na hati ionyeshe kwamba ulisomewa na kuelezwa kwa lugha unayoielewa kabla ya kusaini. Hilo likikosekana, wakili wa upande wa pili anaanza nalo:

"Sahihi hii ni yako?"
"Ndiyo."
"Uliandika mwenyewe?"
"Hapana."
"Tusomee aya ya tano."

Kimya. Maelezo yote yanaombewa yaondolewe, na kwenye maelezo hayo ndimo ulimokuwa ushahidi wako. Kwa hiyo usisaini chochote kwa haraka kwenye ngazi za mahakama. Kaa chini, usomewe polepole kwa Kiswahili, ukisikia kitu ambacho hukusema, sema. "Nilikuwa navuka" na "nilikuwa nimeshavuka" kortini ni kesi mbili.

---

FundiPatrick

Mimi si barabara. Nilianguka kwenye jukwaa tukipiga plasta ghorofa ya tatu, Najjera. Kontrakta anasema sina mkataba kwa hiyo hanidai wala simdai.

---

KaraniWaKampala

Patrick, huyo kontrakta anacheza na wewe. Aliyeumia kazini ana njia nyingine, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Ulikuwa kazini, ukaumia kutokana na kazi, inatosha. Mkataba wa mdomo unahesabiwa. Tafuta waliokuwa nawe jukwaani, tafuta ujumbe wa simu wa malipo yako ya kila Jumamosi, hiyo ndiyo barua yako ya ajira. Mwarifu kontrakta kwa maandishi mapema, baki na nakala aliyoipokea, kisha nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, kwako ni Wakiso.

Hesabu yake imewekwa: ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 60, na ulemavu wa sehemu ni asilimia ya hapo. Mkibishana kuhusu asilimia, kuna bodi ya madaktari ya usuluhishi. Kama jukwaa lilifungwa kwa kamba mbovu na kontrakta alijua, unaweza pia kumshtaki kwa uzembe mahakama ya kawaida, ila hutalipwa mara mbili kwa jeraha lile lile.

---

MkaliWaBwaise

Na gari la serikali? Ile pick-up ya polisi ilimgonga mtu wetu hapa. Nasikia usipotoa notisi ya siku 45 kesi imekufa.

---

KaraniWaKampala

Zamani ilikuwa hivyo. Mahakama ya Rufani ilishaamua, kwenye kesi iliyoihusu KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala), kwamba kukosa notisi hakuui kesi tena. Sisi bado tunaipeleka, maana barua haina gharama na mara nyingine serikali hukaa mezani. Polisi na jeshi unamshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. KCCA au wilaya unaishtaki kwa jina lake.

Kinachoua kesi za serikali ni muda. Madai ya uzembe dhidi ya serikali yana miaka 2 tu. Dhidi ya mtu binafsi au kampuni, jeraha la mwili ni miaka 3. Watu husikia "miaka sita" kwenye redio wakalala, hiyo ni ya mikataba na madai mengine, si ya mwili uliojeruhiwa. Mtoto akiumia, mzazi afungue kwa niaba yake ndani ya muda huo huo, asimsubiri akue.

Na ukishinda, hakuna dalali wa mahakama anayeruhusiwa kukamata gari la serikali. Unapewa cheti cha amri, unakipeleka, unaingia kwenye foleni ya waliokwishashinda kabla yako. Foleni hiyo ni ndefu, na bajeti inayotengwa kila mwaka haiimalizi.

Dhidi ya mtu binafsi kuna meno zaidi: dalali anakamata mali, akaunti inazuiwa, na mdaiwa mwenye uwezo anayekataa kulipa anaweza kupelekwa gereza la madeni hadi miezi sita. Ila aliyefungwa hafanyi kazi, na asiyefanya kazi hakulipi. Sisi huwa tunapendelea akubali kulipa kwa awamu mbele ya msajili.

---

SimbaWaStage

Abiria wangu hakuvaa helmeti na walikuwa wawili juu ya boda. Gari ndilo lilikuja upande wetu. Watalipwa?

---

KaraniWaKampala

Watalipwa, ila tarajia kukatwa. Mahakama hugawa lawama. Ikiona helmeti ingepunguza jeraha la kichwa, au kupakiana kulichangia, inapunguza fidia kwa sehemu hiyo. Kama jeraha ni la mguu, helmeti haihusiki, na wakili wako aliseme hilo kwa sauti. Na wewe mwenye boda usishangae ukiunganishwa kama mdaiwa wa pili. Nitakuwa nimekuletea samansi mwenyewe, tusigombane.

---

Mama_Zai_Arua

Amekataa kuandika maneno yale. Ameondoka na laki tano yake. Na ukishindwa kesi je?

---

KaraniWaKampala

Basi amejibu mwenyewe dada. Ukishindwa, kwa kawaida unabeba gharama za upande wa pili pamoja na zako, kwa hiyo kesi ya kubahatisha isifunguliwe. Yenu haionekani ya kubahatisha. Mwambie anayekwenda polisi kesho aulize hilo gari la mchanga bado liko kituoni, na mkaguzi ameshalipitia?

---

Juma_Busia

Karani, mimi niligongwa zamani kidogo, kama miaka mitatu hivi, ilikuwa kabla ya Ramadhani. Bado nina kesi?

---

KaraniWaKampala

Juma, "kama" na "hivi" hazifunguliwi kesi. Toa ile fomu ya polisi, angalia tarehe juu kulia, niandikie siku, mwezi na mwaka leo hii, usingoje Jumatatu.